Fungu la Wapole

Mhandisi alijua kwamba kazi yake imegeuzwa rungu siku ambayo mdogo wake alimpigia simu kumtukana. Hakutumia maneno machafu, maana walilelewa na mama asiyeyaruhusu, ila alimwita "mheshimiwa". Kwa dada aliyembeba mgongoni udogoni, neno hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

"Mheshimiwa, tuambie basi tumekosa nini," mdogo wake alisema. "Wiki ya tatu hii, umeme unakatwa kwetu asubuhi, unarudi kidogo, unakatwa tena jioni. Ng'ambo ya barabara wanawasha mpaka taa za bustani. Nimemuuliza fundi wenu wa nguzo, kasema ni kompyuta ndiyo imepanga. Mtu wa kompyuta huko kwenu ninayemjua ni wewe."

"Mimi sipangi mgao."

"Kasema fungu letu linaitwa Wapole. Eti tuko kwenye fungu la Wapole."

Simu ikakatwa. Mhandisi alibaki ameishika sikioni, damu ikimpanda. Fungu hilo alilitengeneza yeye. Jina ndilo alilolitoa mkuu wake, kwa mzaha, mchana mmoja walipokuwa wakinywa chai mbele ya ramani, na yeye Mhandisi alicheka pamoja na wengine.

Kazi yenyewe ielezwe, maana hasira isiyo na maelezo ni kelele tu. Vituo vya kupozea umeme ni maelfu, kila kimoja na laini zake, transfoma zake na watu wake. Ukiitaka kompyuta ivikokotoe vyote kwa pamoja, kwa kila saa ya mwaka, itaganda mbele yako mpaka uote mizizi kitini. Kwa hiyo wataalamu huipunguza gridi. Huchukua vituo vyenye tabia moja, ambavyo matumizi yake hupanda saa zile zile na kushuka saa zile zile, wakavitia fungu moja, halafu kituo kimoja kikasema kwa niaba ya wenzake wote. Ni kama muuza nyanya sokoni. Hakuuzii nyanya moja moja, hupanga mafungu, nawe unalitazama fungu. Mhandisi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Gridi nzima aliibana ikawa mafungu arobaini, na bado majibu yake yalikaribiana na ya gridi kamili. Ofisini walimwita Mama Mafungu, na jina hilo alilipenda, asikwambie mtu.

Lakini aliibana kwa kazi moja tu: kutafuta pa kujenga laini mpya miaka ijayo. Alisema hivyo kwa mdomo, akasema tena kwa maandishi, kwamba mafungu haya yasitumike kuamua nani akatiwe umeme. Kisha mvua zikagoma, mabwawa yakakauka hadi matope yakaonekana, na mgao ukaanza. Mgao unataka mtu wa kuumia. Hapo ndipo mkuu wake alipokumbuka kwamba kuna ramani nzuri yenye rangi, imekaa bure.

Mkuu huyo alikuwa mkuu wa mipango, na waliomzunguka walimwita Wastani, nyuma ya mgongo wake, kwa sababu hakuna swali ambalo hakulijibu kwa kuanza na "kwa wastani". Mhandisi alimkuta amevaa sweta. Nje jua lilikuwa likipasua lami, ila kiyoyozi cha ofisi ile kilipuliza baridi mpaka mwenyewe akajifunika.

"Nani kakuruhusu kupanga mgao kwa mafungu yangu?"

"Shikamoo nayo imekatwa?" Wastani alisema. "Kaa kwanza."

"Shikamoo. Sikai."

"Haya, simama. Ulitaka tutumie nini, tupige kura? Kila siku kuna megawati za kupunguza, lazima zipungue, mvua hainisikilizi mimi. Nikasema tuwakate wale ambao hawataumia sana. Ramani yako inaonyesha wazi ni akina nani. Wapole wanatumia kidogo, kwa hiyo wanapoteza kidogo. Mimi naona ni huruma hiyo."

"Wanatumia kidogo kwa sababu mwaka jana tuliwazimia."

Hilo Wastani alilijua, kama kila mtu mle ndani alivyolijua. Mwaka uliopita transfoma kubwa ya upande ule iliungua, na ikakaa miezi na miezi bila kubadilishwa kwa sababu kila idara ilikuwa ikiisubiri idara nyingine. Watu wa kule walipewa umeme kwa zamu, siku ndiyo, siku hapana. Saa zile za giza mita zilisoma sifuri, sifuri zikaingia kwenye data, na data ikaingia kwenye mafungu. Mhandisi alikuwa na hatua ya mwisho ya kuzifidia sifuri hizo kwa makisio. Wastani aliichukua kazi kabla ya hatua hiyo, akaipakua kama wali ambao haujaiva.

"Mita haina mdomo," Mhandisi alisema. "Ikisoma sifuri haisemi kama mtu alizima au alizimiwa. Unamnyima mtu chakula mwaka mzima, halafu unasema huyu hali sana, mpunguzieni. Na mwakani atakuwa amekula kidogo zaidi, utampunguzia tena. Hawatoki humo, unaelewa? Kila ukiwakata unatengeneza sababu ya kuwakata."

"Data ni data, Mama Mafungu. Siwezi kwenda kwenye bodi na hisia."

"Hisia."

"Bodi inakaa Alhamisi, ratiba ipitishwe ya kiangazi chote. Utakuja wewe mwenyewe kuwaonyesha ramani, unaieleza vizuri kuliko mimi. Kama una dukuduku, litoe huko."

Alisema hivyo akitabasamu, kwa hakika ya mtu ambaye hajawahi kuona dukuduku likibadilisha ratiba. Mhandisi alitoka bila kuaga.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Huyu alikuwa dereva wa lori mpaka mgongo ulipomshinda, ndipo akapanga fremu ya duka barabarani na kununua mashine mbili za kutotolea vifaranga, kila moja kubwa kama kabati la nguo. Wafugaji walimletea mayai, naye akawarudishia vifaranga. Mtaani walimwita Baba Vifaranga, na kwa miaka michache maisha yalinyooka. Mashine hizo zinataka joto lile lile mchana na usiku kwa wiki tatu. Zikipoa kwa muda mrefu, kifaranga hufia ndani ya yai na huwezi kujua kwa kulitazama kwa nje.

Umeme ulikuwa umekatwa. Wifi yake alikuwa akitoa madumu ya maji ya moto jikoni, anayaingiza chini ya mashine, anatoa yaliyopoa, huku jasho likimtiririka. Blanketi zote za nyumba ile zilikuwa zimetandazwa juu ya mashine, pamoja na koti la kanisani la mdogo wake.

"Karibu wifi," alisema. "Pita upande huu, hapo pameloa."

Mdogo wake hakumkaribisha. Alichukua yai, akalimulika kwa tochi ili dada yake aone. Ndani palikuwa na kivuli cheusi kilichojaa karibu yai zima, na kivuli hicho kikashtuka.

"Hawa wanatoka kesho kutwa Ijumaa," alisema. "Matoleo mawili yaliyopita yote yamekufa. Jenereta iliungua kwa kulazimishwa. Wafugaji wawili wamechukua mayai yao wamepeleka ng'ambo ya barabara, na siwalaumu. Nikiua na haya, hakuna atakayeniletea yai hata la kukaanga. Nafunga. Na hii ratiba ikiwa ya kiangazi chote, hata nisipofunga nitafungwa."

"Bodi inakaa kesho. Nitasema."

"Dada, niambie kitu kimoja. Kwenye hiyo kompyuta, sisi ni watu?"

Mhandisi angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ni nukta," alisema. "Mtaa wenu pamoja na mitaa ya jirani ni nukta moja."

"Basi kawaambie nukta inaumwa."

Usiku ule Mhandisi hakuandika hotuba. Alijua hotuba zinavyokwenda kwenye bodi: zinasikilizwa, zinashukuriwa, zinazikwa. Alifungua kompyuta, akatafuta data ya kituo kinacholisha makao makuu yao wenyewe, jengo lile la vioo na mtaa wake, akaitoboa. Kila saa ambayo mwaka jana Wapole walizimiwa, aliweka sifuri kwenye data ya makao makuu. Hakugusa kingine. Kisha akaiambia kompyuta ipange mafungu upya, na jibu lilipokuja alicheka peke yake, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

Chumba cha bodi kilikuwa na mapazia mazito yaliyofungwa, na kwa kuwa mapazia yamefungwa, taa zote ziliwaka saa nne asubuhi. Kila mjumbe aliwekewa chupa ya maji iliyotoka jasho kwa ubaridi. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole wa sauti, aliyezoea kuwaita watumishi "mwanangu", na Mhandisi alimwogopa zaidi ya Wastani kwa sababu hiyo hiyo.

Alionyesha ramani ukutani. Alieleza kwa ufupi mafungu ni nini, akasema rangi nyekundu ni fungu la kukatwa kwanza na kijani ni la kutoguswa. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Ramani ilikuwa nzuri, na kitu kizuri hakiulizwi maswali.

"Kazi safi, mwanangu," mwenyekiti alisema. "Wanaounga mkono ratiba?"

Mikono ikapanda yote.

"Kabla hamjaishusha," Mhandisi alisema, "naomba kila mmoja alitafute jengo hili kwenye ramani."

Mwenyekiti alivaa miwani. Wastani ndiye aliyeliona kwanza, na uso wake ukashuka. Nukta ya makao makuu ilikuwa nyekundu, katikati ya Wapole, ya kukatwa asubuhi na jioni.

"Hapa kuna kosa," mjumbe mmoja alisema, mkono bado uko juu.

"Hakuna kosa. Nimechukua data yenu nikaitoboa matundu yale yale ya mwaka jana, saa kwa saa, kama tulivyowafanyia wale. Kompyuta imetazama ikaona hapa pana watu wasiohitaji umeme sana."

"Lakini tunauhitaji. Hapa kuna lifti, kuna mitambo."

"Na wao wanauhitaji. Walizimiwa, hawakuzima."

"Kwa hiyo hii ni data ya uongo," mjumbe alisema, amefurahi kupata pa kushika.

"Matundu ya kwenu nimeyatunga mimi. Ya kwao hayakutungwa." Mhandisi aliinyoshea kidole ramani. "Dakika moja tu jengo lenu limekuwa jekundu, mmeona kosa. Wao wako wekundu wiki tatu, mmeona ramani nzuri. Mkuki kwa nguruwe mtamu."

Kwa muda mfupi sana Mhandisi alifikiri ameshinda. Aliwaona wakitazamana, akaona aibu ikipita usoni kwa mmoja wao, na moyo wake ukalainika. Alikuwa mjinga kwa muda huo mfupi, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Tunakushukuru sana," mwenyekiti alisema. "Umetuepusha na aibu. Mkuu wa mipango, hakikisha jengo hili liko panapostahili."

Wastani alijinyoosha juu ya meza, akaivuta kompyuta kwake, akabofya mara mbili. Nukta ya makao makuu ikawa kijani.

"Ni hivyo tu?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni hivyo tu."

Watu wakacheka kwa kushusha pumzi, vifuniko vya chupa vikafunguliwa. Mhandisi aliitazama nukta ile ya kijani. Miezi ya kazi, hesabu alizozikagua mpaka macho yakamvimba, na kumbe fungu lenyewe linabomolewa kwa kidole kimoja, ili mradi kidole kiwe cha mtu anayejulikana.

"Na wengine?" aliuliza.

"Wengine hatuna data nyingine," Wastani alisema. "Tunafanyia kazi tuliyonayo."

Mwenyekiti aliegemea mbele, na alipozungumza alizungumza kwa upole wa kweli, hilo Mhandisi hakulitilia shaka. "Nimesikia una mdogo wako kule, ana mradi wa vifaranga. Pole sana. Mkuu, mhamishe na yeye. Hatuwezi kumwacha mwenzetu aumie."

Wastani alikuwa ameshasogeza mshale mpaka kwenye nukta. "Ni hiki kituo, siyo?"

Kilikuwa hicho. Mhandisi aliona madumu ya maji ya moto. Aliona koti la kanisani juu ya mashine, na kile kivuli kilichoshtuka ndani ya yai. Neno moja tu lilitakiwa, na si hata neno, angetikisa kichwa tu.

"Megawati za kupunguza zinabaki zile zile," alisema polepole. "Kituo hicho kikitoka, saa zake wanabebeshwa waliobaki wekundu."

"Kidogo tu," Wastani alisema. "Kwa wastani, hata hawatahisi."

"Mmeshawatwika za jengo hili. Mnataka niwatwike na za ndugu yangu, halafu nikae kimya."

"Hakuna aliyesema ukae kimya."

"Usiguse," Mhandisi alisema.

Wastani alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa, akaonekana kuumia kidogo, kama mtu aliyekataliwa zawadi mbele za watu.

"Basi, asiyetaka hashurutishwi," alisema. "Ratiba imepita."

Mhandisi alisema jina lake litolewe kwenye kazi ile. Walikuwa wameshaingia ajenda ya pili. Alitembea kwa ngazi mpaka chini ingawa lifti ilikuwa inafanya kazi, hasira imemjaa mpaka hakuona ngazi ya mwisho, akajikwaa, akaulaani ukuta.

Ijumaa alikwenda tena kwa mdogo wake. Umeme ulikuwa umekatwa tangu alfajiri, na ratiba mpya iliwaongezea na saa za mchana. Mdogo wake alikuwa ameketi sakafuni kati ya trei, anapasua mayai moja moja. Alipasua, akatazama, akaweka kando. Vifaranga wachache walikuwa wameshatoboa ganda kwa midomo wakaishia hapo hapo, kichwa nje, mwili ndani. Ndani ya boksi pembeni walilia vifaranga watano au sita waliosalimika, na kelele zao ndizo zilizofanya kimya cha wengine kisivumilike.

"Walikataa," mdogo wake alisema bila kumtazama.

"Walikataa."

"Ulisema vizuri?"

"Nilisema." Angeweza kuishia hapo. Lakini mdogo wake alikuwa ndugu yake wa pekee, na uongo kwake ungemwozea tumboni. "Walitaka kukuhamisha. Kituo chenu peke yake. Nikawakatalia."

Mdogo wake aliliweka chini yai alilokuwa nalo. "Rudia."

"Mkihamishwa ninyi, wengine wanaongezewa. Yule mama wa mashine ya kusaga, mtaa wa kule bondeni, yuko kituo kingine. Yeye na wenzake wangebeba zenu. Kila mtu akimtoa wake, watabaki wasio na mtu, na hao ndio watakatwa mpaka mwisho wa dunia."

"Mama wa mashine ya kusaga hana dada huko," mdogo wake alisema. "Mimi ninaye. Nilidhani ninaye."

Mhandisi alitaka kumfokea. Alitaka kumwambia kwamba maneno hayo hayo ndiyo aliyoyasikia mezani kwa wale wakubwa, ila wao waliyasema kwa lugha nzuri. Aliyatazama maganda, akashindwa. Hasira yake ilikuwa ya haki, na ya mdogo wake ilikuwa ya haki, na hazikuweza kukaa chumba kimoja.

Akachuchumaa karibu naye. "Walisema hawana data nyingine. Sawa, nitawaletea. Nitapita nyumba kwa nyumba, kwenu na bondeni na kote. Nianze na wewe. Mwaka jana, zile siku za giza, kama umeme ungekuwepo, ungewasha nini? Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Mdogo wake aliokota yai jingine. Wifi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na dumu la maji yaliyopoa, ndiye aliyefungua mdomo.

"Mashine zote mbili," alisema. "Mchana na usiku. Na friji ya dawa za kuku, na..."

"Usimjibu," mdogo wake alimwambia mkewe. "Mwaka mzima tumekaa gizani, leo ndiyo wanauliza."